Nyumba Namba 8: Habari za Msikiti wa Brougham Terrace, Liverpool

Bismillahi Rahmani Rahim.



Waislamu wanapokutana kwa furaha ya kuikumbuka kazi waliyoifanya, aghalabu husimuliwa habari za majengo makubwa yaliyolitukuza jina la dini: msikiti wa Cordoba na nguzo zake, misikiti ya Istanbul na kuba zake, misikiti ya Kairo na minara yake. Habari hizo ni nzuri, na moyo hupanuka kwa kuzisikia. Lakini zina ila moja kwa msikilizaji mwenye mfuko mwepesi: huenda akadhani ya kuwa kazi ya dini haianzi mpaka fedha nyingi zipatikane. Basi hotuba hii imechagua jengo la namna nyingine kabisa. Ni nyumba nyembamba ya kukaa watu, iliyo katika mji wa Liverpool, nchi ya Uingereza. Haina kuba wala mnara, na aipitaye barabarani bila ya kuambiwa hawezi kuitofautisha na jirani zake. Lakini nyumba hii ilikuwa msikiti, ikaacha kuwa msikiti, kisha ikarudi kuwa msikiti. Na katika kupotea kwake na kurudi kwake limo fundisho ambalo kila jamaa yenye msikiti wake yapasa ilitie moyoni.

Nyumba hiyo ni namba 8 katika safu iitwayo Brougham Terrace, kando ya barabara ya West Derby Road. Iliinuliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Habari zake zilizo kuu ni za zama za Malkia Victoria, aliyekaa katika kiti cha ufalme tangu mwaka 1837 hata mwaka 1901.

Kwanza inafaa kujua jinsi nyumba za namna hiyo zilivyojengwa, maana ujenzi wake ni sehemu ya habari yenyewe. Katika miji ya Uingereza ya wakati ule, ardhi iliyo mbele ya barabara ilikuwa ghali. Kwa hiyo mjenzi alichukua kipande kirefu kinachofuata njia, akakigawa katika vipande vyembamba, akainua nyumba nyingi kwa mara moja, zimeungana ubavu kwa ubavu kama watu waliosimama katika safu. Ukuta mmoja huwatumikia majirani wawili. Faida yake ni kuwa gharama hupungua na joto halitoki upesi wakati wa baridi. Hasara yake ni kuwa hakuna dirisha ubavuni: mwanga huingia kwa mbele na kwa nyuma tu, na katikati ya nyumba huwa na kivuli mchana kutwa.

Nyumba isiyoweza kupanuka kwa upana haina budi kupanda juu, kushuka chini na kurudi nyuma. Chini ya usawa wa njia palikuwa na jiko na mahali pa kuwekea makaa ya mawe. Juu yake, penye mlango wa mbele, palikuwa na vyumba viwili vinavyofuatana: cha mbele cha kupokelea wageni, na cha nyuma cha kulia chakula. Ngazi nyembamba ilipanda kwa kuambaa ukuta mpaka vyumba vya kulala, na juu kabisa walilala watoto na watumishi. Kila chumba cha maana kilikuwa na mahali pa kuwashia moto, na moshi ulipanda ndani ya ukuta hata ukatokea juu ya paa. Nyuma palikuwa na ua mdogo. Mtu aliyezoea nyumba za pwani, ambazo vyumba vyake huutazama uani na kuipa njia mgongo, atastaajabu kuona nyumba inayoitazama njia namna hii. Uzuri wake wote umewekwa mbele, watu wauone.

Na uzuri huo ulikuwa wa hesabu. Kuta za nyumba hizi ni za matofali, lakini za Brougham Terrace zilipakwa lipu laini upande wa mbele, zifanane na jiwe lililochongwa. Madirisha ya nyumba za namna hii ni ya vioo vyenye fremu mbili, moja husukumwa juu na moja hushushwa. Mara nyingi madirisha ya chini huwa marefu, na kadiri nyumba inavyopanda ndivyo yanavyofupika, kwa kuwa heshima ya vyumba nayo ilipungua kwa kupanda. Mlangoni ziliwekwa nguzo kwa kuiga mahekalu ya Wayunani wa kale. Kwa hiyo mtu wa kadiri, mwenye duka au kazi ya ofisi, aliweza kuingia nyumbani mwake kwa mlango wenye sura ya jumba, ingawa nyuma ya mlango huo mlikuwa na vyumba vichache vyembamba. Haikuwa nyumba ya fakiri, wala haikuwa nyumba ya tajiri. Ilikuwa nyumba ya watu wa katikati, nao ndio waliojenga sehemu kubwa ya miji ya Uingereza ya karne ile.

Sasa ni vema kumjua mtu aliyeifanya nyumba hiyo ikumbukwe. William Henry Quilliam alizaliwa Liverpool tarehe 10 Aprili 1856, katika ukoo uliotoka kisiwa cha Man. Alilelewa katika Ukristo wa madhehebu ya Wesley, na tangu utotoni alifundishwa kuuchukia ulevi, maana ulevi ulikuwa umeangamiza jamaa nyingi za mji ule wa bandari. Mwaka 1878 alipata ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili, akawa wakili mwenye jina mjini. Mwaka 1882, baada ya kuchoshwa na kazi hata afya yake ikadhoofika, alisafiri kwenda kupumzika kusini, akafika Morocco. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa chomboni aliwaona mahujaji wakitawadha na kusali huku upepo ukivuma na chombo kikiyumba, wala hawakushughulika na upepo wala na watu waliokuwa wakiwatazama. Utulivu ule ulimwingia. Alisoma, akauliza, akapima, hata mwaka 1887 akaudhihirisha Uislamu wake, akaitwa Abdullah.

Mwaka huo huo alianza kutoa hotuba katika ukumbi wa watu wa chama cha kupinga ulevi, penye njia ya Mount Vernon Street. Wa kwanza walioitikia walikuwa wachache mno, na miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja kijana, Elizabeth Cates, aliyejichagulia jina la Fatima. Bibi huyu alipewa tafsiri ya Kurani aisome mwenyewe, asiamini neno la mtu pasipo kulihakikisha. Mama yake alipokiona kitabu kile alitaka kitiwe motoni, na binti akajifungia chumbani mwake akaendelea kusoma. Baadaye alikuwa mshika hazina wa kwanza wa jamaa ile. Watoto wa mjini walimrushia mavi ya farasi, wakampaka usoni, lakini hakurudi nyuma. Alifariki mwaka 1900, akiwa bado kijana, akazikwa Liverpool. Wanaodhani kuwa misikiti hujengwa na wanaume peke yao wamkumbuke bibi huyu.

Mwenye ukumbi ule wa Mount Vernon Street alipofahamu itikadi ya wapangaji wake aliwatoa. Hapo jamaa ikajifunza somo la kwanza juu ya majengo: asiye na mahali pake hukaa kwa radhi ya mwingine, na radhi ya mwingine huweza kwisha siku moja. Ndipo wakaitafuta nyumba, wakaipata namba 8 ya Brougham Terrace. Waliifungua tarehe 25 Desemba 1889, siku ambayo Wakristo wa nchi ile huadhimisha kuzaliwa kwa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Na kazi ya kwanza iliyofanyika ndani ya nyumba ile siku hiyo ilikuwa kuwapa chakula watoto maskini wa mji. Haikuulizwa dini ya baba wala ya mama. Desturi hiyo ya kuwalisha maskini siku kama ile iliendelea miaka mingi.

Tazameni jinsi nyumba ya kukaa watu ilivyogeuzwa kuwa nyumba ya Mwenyezi Mungu. Upande wa mbele haukuguswa sana: lipu ile ile, nguzo zile zile, madirisha yale yale. Mageuzi yalifanyika ndani na nyuma. Mahali pa kusalia palipatikana upande wa nyuma, pakapambwa kwa matao ya mtindo wa nchi za Kiislamu. Katika shughuli za majengo jamaa ilisaidiwa na J. H. McGovern, mchoraji ramani za nyumba wa mji huo huo, aliyekuwa na elimu ya ujenzi wa Kiislamu na kuutolea hotuba. Kwa hiyo mgeni aliingia kwa mlango wa Kiingereza wenye nguzo za Kiyunani, akapita ukumbi mwembamba, kisha akajikuta mbele ya matao yanayomkumbusha Andalusia. Na kibla kutoka Liverpool ni upande wa kusini-mashariki, ambao mjenzi wa safu ile hakuufikiria hata kidogo alipokuwa akizipanga nyumba zake kwa kufuata njia. Lakini sala haingoji nyumba inyooke. Watu hujipanga kwa kuielekea Kaaba, nyumba ikae itakavyo.

Adhana ilitolewa kutoka juu, upande wa mbele wa nyumba, nayo ilisikika barabarani. Wako waliosimama kusikiliza, na wako waliorusha matope na mawe. Wakati mwingine wenye kuja kusali walipita katikati ya matusi, na mara nyingine katikati ya mawe hasa. Hayo yameandikwa na yanajulikana. Lakini nyumba haikufungwa.

Mwaka huo huo wa 1889 ulifunguliwa msikiti mwingine katika nchi ile, ulioko Woking, karibu na London. Huo ulijengwa tangu msingi uwe msikiti, wenye kuba na mapambo mazuri, kwa juhudi za mwanachuoni Gottlieb Wilhelm Leitner na kwa msaada wa Begum Shah Jahan, mtawala wa Bhopal katika Bara Hindi. Tofauti ya misikiti hii miwili ni kubwa. Wa Woking ulikuwa na jengo zuri, lakini haukuwa na jamaa kubwa ya wenyeji waliouzunguka. Wa Liverpool ulikuwa na jengo dogo lisilo na sura ya msikiti, lakini ulikuwa na watu. Leitner alipofariki mwaka 1899, msikiti wa Woking ulikaa takriban umefungwa mpaka Khwaja Kamal-ud-Din alipoufufua mwaka 1913. Hata jengo lenye kuba, basi, hunyamaza lisipokuwa na watu wa kulisemesha.

Nyumba ndogo ya Liverpool ilifanya kazi zilizozidi ukubwa wake. Tangu mwaka 1893 jamaa ilitoa gazeti la kila juma, The Crescent, na jingine la kila mwezi, The Islamic World, yakasafiri mpaka nchi za mbali. Palikuwa na maktaba, na hotuba za jioni, na mikutano ya Jumapili kwa ajili ya wenyeji wasio Waislamu waliotaka kusikia. Mwaka 1895 Nasrullah Khan, mwana wa Amir Abdur Rahman wa Afghanistan, alipoitembelea Uingereza, aliipa jamaa msaada mkubwa wa fedha, na kwa msaada huo nyumba nyingine za safu ile zilipatikana. Hapo faida ya ukuta wa pamoja ikaonekana: nyumba zilizozaliwa zimeungana ziliweza kufanya kazi moja. Zilifunguliwa skuli za wavulana na wasichana. Palikuwa pia na makao ya watoto wasio na wa kuwatunza, yakaitwa Medina.

Wala haikuwa kazi kwa Waingereza waliosilimu peke yao. Liverpool ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za dunia, na meli za moshi zilileta mabaharia Waislamu kutoka Bara Hindi na kwingineko. Baharia akiugua na kufa ugenini, hakuwa na ndugu wa kumwosha wala wa kumsalia. Watu wa Brougham Terrace waliwafanyia mabaharia hao haki za maiti Mwislamu, wakawasindikiza kaburini. Lau nyumba ile isingalifanya jambo jingine lolote ila hilo, lingaliitosha kuwa sababu ya kujengwa.

Sifa zake zilifika mpaka kwa Sultani Abdul Hamid wa Pili, naye akamtambua Abdullah Quilliam kwa cheo cha Sheikh-ul-Islam wa Visiwa vya Uingereza. Na Afrika nayo imo katika habari hii. Mwaka 1894 Quilliam alitumwa na Sultani kwenda Lagos, kwa ajili ya kufunguliwa msikiti uliojengwa na tajiri mcha Mungu Mohammed Shitta, na kumvika heshima ya cheo cha Bey. Basi mtu aliyesalisha katika chumba cha nyuma cha nyumba ya safu alisimama mbele ya maelfu ya Waislamu wa Afrika Magharibi, akiwakilisha ukhalifa. Inakadiriwa kuwa kwa muda wa miaka ishirini na moja watu wapatao 600 walisilimu katika Uingereza kwa sababu ya kazi iliyotoka katika nyumba ile.

Jamaa ilikuwa na tamaa nyingine njema pia. Ilichorwa ramani ya msikiti mkubwa wa kujengwa Liverpool, wenye kuba na mnara, uchukue mahali pa nyumba ile ndogo. Msikiti huo haukujengwa kamwe. Ulibaki katika karatasi.

Ndugu Waislamu, hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Kazi yote hiyo, gazeti na skuli na watoto na sala, ilitegemea mgongo wa mtu mmoja. Yeye ndiye aliyesema, ndiye aliyeandika, ndiye aliyetafuta fedha, na milki ilikuwa mikononi mwake na mwa watu wa nyumbani mwake. Mwaka 1908 mambo ya kazi yake ya uwakili yalimwendea kombo, akaondoka Liverpool akaenda Uturuki, na mwaka uliofuata jina lake likafutwa katika orodha ya mawakili. Mwanawe akaziuza nyumba. Hapakuwa na wadhamini wa kuzuia, wala hati ya wakfu ya kuonyesha, wala mtu aliyeandaliwa kushika pahala pake. Magazeti yakakoma. Jamaa ikatawanyika, kama jahazi lililotia nanga kwa kamba moja, kamba ikakatika usiku. Quilliam mwenyewe alirudi Uingereza baadaye, akaishi kwa jina jingine la Henri Marcel Léon, akaendelea kuutumikia Uislamu kimya kimya, hata akafariki London tarehe 23 Aprili 1932. Alizikwa Brookwood, karibu na Woking, ambako wamezikwa pia Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, waliofasiri Kurani Tukufu kwa Kiingereza.

Na nyumba je? Nyumba ilichukuliwa na serikali ya mji, ikawa ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Chumba walichosalia Waislamu kikawa ghala ya madaftari. Kwa miaka mingi watu wa Liverpool walipanda ngazi za Brougham Terrace kuandikisha watoto wao na maiti wao. Nyumba iliyatunza majina ya mji mzima, na habari zake yenyewe zilikuwa zimesahauliwa na walio wengi. Ofisi ilipohamishiwa kwingine, nyumba ikabaki tupu. Mvua ikaingia kwa juu, sakafu zikaoza, lipu ikabanduka.

Lakini Mwenyezi Mungu hapotezi ujira wa watendao wema. Katika miaka ya 1990 Waislamu wa Liverpool, wengi wao watoto wa wahamiaji ambao baba zao hawakumjua Quilliam hata kwa jina, waliunda chama cha kuirudisha nyumba ile, wakakiita kwa jina lake. Hawakuwa na hazina ya Sultani wala ya Amiri. Walichangisha kidogo kidogo, wakatengeneza chumba baada ya chumba. Mwaka 2014 sala ya jamaa ikasimama tena mahali pale, baada ya zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2018 idara ya Uingereza inayohifadhi majengo ya kale iliipandisha nyumba daraja katika orodha ya majengo yanayolindwa kwa sheria, ikaingia katika daraja la pili lenye nyota, ambalo hupewa majengo yenye thamani kuliko ya kawaida. Mwaka huo huo msikiti wa Woking ukapandishwa daraja la kwanza. Wataalamu hawakuipa nyumba namba 8 daraja hiyo kwa ajili ya nguzo zake za mlangoni, kwani nyumba zenye nguzo kama hizo ni nyingi. Waliipa kwa ajili ya yaliyotendeka ndani yake.

Liko jambo moja jingine la kutaja. Mwishoni mwa Julai 2024 watoto watatu wa kike waliuawa katika mji wa Southport, usio mbali na Liverpool. Uwongo ukaenezwa kuwa muuaji ni Mwislamu mhamiaji, na makundi yenye hasira yakazuka katika miji mingi ya Uingereza. Ijumaa, tarehe 2 Agosti, wapinzani walikusanyika mbele ya msikiti wa Brougham Terrace, mahali pale pale ambapo babu zao walirusha matope. Majirani wengi wasio Waislamu walikuja kuulinda msikiti. Kisha imamu na watu wake wakatoka na chakula mikononi, wakavuka njia wakawaendea wale waliokuja kuwapinga, wakazungumza nao, na baadhi yao wakakumbatiana. Nyumba iliyofunguliwa mwaka 1889 kwa kuwalisha watoto wa jirani ilijikinga mwaka 2024 kwa kuwalisha jirani wenye hasira. Lipu ilikuwa imebanduka na kupakwa upya, lakini tabia ya nyumba haikubadilika.

Sasa fundisho lake ni nini? La kwanza halihitaji maneno mengi. Msikiti wa Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, huko Madina ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo zake magogo ya mitende, na paa lake makuti yaliyovuja mvua iliponyesha. Na kabla yake Waislamu wa kwanza walifundishwa katika nyumba ya mtu, nyumba ya Al-Arqam huko Makka. Basi udogo wa nyumba si aibu, wala si udhuru wa kukaa bila ya kazi.

La pili ndilo zito zaidi. Uwanja wa msikiti ule wa Madina ulikuwa mali ya mayatima wawili, nao walitaka kuutoa bure. Mtume hakukubali mpaka thamani yake ilipwe, ili milki iwe wazi, asitokee mtu wa kusema neno kesho. Na Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar akamwendea kutaka shauri, alielekezwa alizuie shamba lenyewe na atoe sadaka mapato yake, lisiuzwe, lisitolewe zawadi, wala lisirithiwe. Huo ndio wakfu. Brougham Terrace ilikuwa na kila kitu ila hicho. Uliyopungukiwa haikuwa imani, wala elimu, wala ushujaa. Ilipungukiwa na karatasi moja na watu watano au sita wa kuisimamia.

Katika nchi hii ya Uganda mfano mwema upo. Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake ya kilima cha Kibuli kwa ajili ya Waislamu, na msikiti uliofunguliwa juu yake mwaka 1951 haukuondoka pamoja naye alipofariki mwaka 1991. Mtoaji amekwenda kwa Mola wake, na sadaka yake inaendelea. Lakini iko misikiti mingine midogo, mijini na vijijini, iliyoanzia katika kibaraza cha mzee fulani au katika chumba cha duka la mcha Mungu fulani. Wasali wake huingia na kutoka kwa amani, na hakuna aliyeuliza hati iko wapi na ina jina la nani. Mzee yu hai, basi kuuliza huonekana ni kumvunjia heshima. Siku mzee atakapofariki, warithi watakuwa na haki yao, na wasali watakuwa na masikitiko yao, na kadhi hataweza kuhukumu kwa masikitiko.

Kwa hiyo heshima ya kweli kwa wazee walioanzisha ni kuwauliza wakiwa hai. Hati ina jina la nani? Wadhamini ni akina nani, na akifa mmoja nani huchagua mwingine? Hesabu husomwa mbele ya watu mara ngapi katika mwaka? Nani anajifunza leo kwa mwalimu, ili madrasa isifungwe siku mwalimu atakapoumwa? Na mabati yanayovuja yatatengenezwa mwaka huu, au yatangojwa mpaka mbao zioze? Maswali haya hayapendezi masikioni kama habari za kuba na minara. Lakini laiti yangaliulizwa Liverpool mwaka 1900, huenda chumba kile kisingalikaa miaka mia kikitunza madaftari ya watu wengine.

Nyumba namba 8 bado imesimama katika safu yake, imebanana na jirani zake kama ilivyojengwa. Watu huingia kwa mlango ule ule wenye nguzo, wakavua viatu, wakaelekea kusini-mashariki. Aliyeifungua hakuona kurudi kwake, na waliomrushia mawe hawakuona kusitirika kwake. Mwenyezi Mungu amrehemu Abdullah Quilliam na Fatima Cates na wote waliosali nao. Aipe kila jamaa ya Waislamu nyumba ya kumwabudu, hata iwe nyembamba namna gani, na aipe pamoja nayo watu wa kuihifadhi kwa haki na maandishi, ili wajukuu wasilazimike kuinunua tena.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.